Malindi kwenda Lamu, Mombasa na Nairobi: upande gani basi, wapi matatu, wapi treni

Nyumbani kwetu Malindi tumegawanyika njia tatu. Dadangu ameolewa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, mdogo wetu anasoma Nairobi, na mamangu ana kliniki ya magoti Mombasa kila baada ya miezi miwili, na wa kukata tiketi za wote ni mimi. Haya nnayoandika nimeyatoa ndani ya gari, begi mapajani na miguu imekufa ganzi, na nayaandika manake kila mtu akiuliza "nipande nini?" hujibiwa nauli tu, ile ni mia ngapi na hii ni mia ngapi, kisha mtu anafika usiku mahali hapana boti wala tuktuk, ndo anajua kwamba ile mia mbili aliyookoa ataitoa mara tatu.

Mimi naanza na saa ya kufika. Ukishuka, kipande cha mwisho cha safari utakipata na nini? Kila njia ina jibu lake hapo, na ndo maana gari nnayoisifu upande mmoja upande mwingine siitaki.

Nianze na Lamu, ndo ngumu zaidi.

Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita mia mbili. Unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, Gongoni, Marereni kule kwenye mashamba ya chumvi, unafika Minjila karibu na Garsen, hapo unakata kulia kuelekea Gamba, Witu, Hindi, hadi Mokowe, na Mokowe barabara imeisha, mbele ni maji. Watu wageni husahau hiki kipande, wanasema "basi la Lamu" kama kwamba basi linaingia Amu. Haliingii. Linakuacha kwenye jeti bara, uvuke na boti.

Zamani kuanzia Garsen kwenda mbele ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mvua ikiwa kali watu walikuwa wanalala njiani wakingoja gari ivutwe. Tangu barabara ya Garsen-Witu-Lamu itiwe lami, ile ya kilomita 135 hivi, safari imekuwa safari ya watu, ukitoka Malindi asubuhi mapema mchana uko Mokowe. Lakini hiyo lami ndo imewafanya watu waone kwamba gari yoyote inafaa, na hapo ndo mimi natofautiana nao.

Una mawili. La kwanza ni basi kubwa linalotoka Mombasa na kupita Malindi, hawa kina Tahmeed na Tawakal na wengineo. La pili ni kuunganisha matatu: Malindi hadi Garsen au Minjila, hapo utafute ya Witu au Mpeketoni, kisha ya Mokowe.

Matatu za kuunganisha zina uzuri wake, hungoji basi la Mombasa lifike, unatoka saa unayotaka, na kama unakwenda Marereni, Garsen au Witu kwenyewe, hiyo ndo gari yako wala usijisumbue na tiketi ya basi, unashushwa mlangoni. Kwa anayekwenda Amu lakini, mimi nimejaribu mara mbili na sirudii. Kila gari inangoja ijae. Pale Minjila nilikaa chini ya mti karibu masaa mawili, konda anapita kila dakika kumi anasema "bado wawili tu tunatoka", na wale wawili wakija wengine wawili washachoka wameshuka kununua maji na maembe. Nikafika Mpeketoni alasiri, na Mpeketoni iko ndani, haiko kwenye barabara kuu, kwa hivyo nikatafuta gari nyingine ya kunitoa huko hadi Mokowe, nimefika jua linazama. Ukijumlisha nauli za vipande vyote na ya boti niliyolipa zaidi kwasababu tulikuwa watu watatu tu, nilipita ile ya basi.

Na kuna suala la usalama, siwezi kulipita. Hii njia ina historia. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa, na kabla ya hapo 2014 kulikuwa na mashambulizi ya Mpeketoni ambayo kila familia ya huku inayakumbuka. Tangu siku hizo kuna vizuizi vya polisi, mnashuka, mnapanga laini, kitambulisho mkononi, na kuna vipindi askari wenye silaha hupanda ndani ya basi ama gari hupangwa ziende kwa msafara. Basi kubwa lishazoea hizo taratibu, linajua lifike kizuizini saa ngapi. Matatu ikichelewa inabaki inangoja, na wewe ndani yake. Kwa hivyo usiku mimi upande ule sisafiri, na kitambulisho sikiweki kwenye begi la buti, kinakaa mfukoni. Mtoto aliyemaliza shule na hana kitambulisho bado, mpe cheti cha kuzaliwa na awe na mtu mzima, utapunguza maswali mengi.

Mvua nayo. El Niño ya mwisho wa 2023 maji ya Mto Tana yalifunika barabara upande wa Gamba na Lango la Simba, gari zikakwama huku na huku. Kampuni yenye ofisi unaipigia simu inakwambia leo hatutoki, unabadilisha tarehe. Matatu itakupeleka hadi penye maji, ikushushe hapo, ikageuze. Msimu wa mvua ni lazima upige simu jana yake, hata kama tiketi unayo.

Ubaya wa basi ni huu: Malindi ni katikati ya safari. Basi linakuja na watu wa Mombasa ndani, na viti mnavyoachiwa wa Malindi mara nyingi ni vya nyuma, juu ya tairi, kila tuta unarushwa. Na kuna hili lilonipata. Tulikuwa tunakwenda na mamangu kumuona mjukuu, nimekata viti viwili vya mbele siku mbili kabla, nimelipa kwa M-Pesa na meseji ninayo. Saa moja na nusu asubuhi basi limefika, tunaingia, viti vile vina watu, nao wana tiketi ya nambari zile zile waliyokatiwa Mombasa. Mamangu amesimama kwenye ngazi ya basi kashika chuma, goti moja halikunji, huku karani ananiambia "kaka ngoja tutawapanga". Tuliishia kiti cha mwisho kabisa hadi Mokowe. Kampuni nilishaenda ofisini kwao nikawaambia, hapa siitaji. Ila tangu siku hiyo nafanya mambo mawili: nataka tiketi ya karatasi yenye nambari ya siti imeandikwa kwa peni, na asubuhi ile basi likitoka Mombasa napiga simu naomba wathibitishe kwamba nambari yangu iko tupu hadi Malindi. Wanachukia kupigiwa, lakini haijanitokea tena.

Siti yenyewe, ukienda Lamu asubuhi keti upande wa mlango, yaani kushoto. Jua liko kulia njia nzima hadi Garsen na yale mapazia ya basi hayazuii kitu.

Sasa Mokowe. Ukishuka tu unazungukwa na vijana wa boti na hamali, kila mmoja anavuta begi. Usipe mtu begi kabla hujajua unapanda boti gani. Kuna boti za abiria za kawaida ambazo zinangoja zijae, nauli yake ni ndogo, na kuna spidi boti za kukodi, zinafika haraka na bei mnapatana. Mimi mwenyewe napanda ya kawaida bila kufikiri. Nikiwa na mamangu naangalia maji kwanza. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka sana mida ya saa nne saa tano asubuhi, na basi likikufikisha kabla ya adhuhuri boti iko chini kabisa ya jeti, ngazi zile za chini zina ukoko wa kijani zinateleza kama sabuni. Siku ile tuliyokaa kiti cha nyuma ilikuwa bamvua. Nahodha alimtazama mamangu, akavua viatu, akateremka yeye kwanza mgongo ukielekea maji, akamwambia, "Mama, shika mabega yangu mawili, usiangalie chini, niangalie mimi." Ngazi saba, moja moja. Yule kijana hakuomba hata shilingi ya ziada. Kwa hivyo mwenye mzee au mjamzito, tazama kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi, afadhali siku ya maji mafu, maji yasipotoka sana, ama ufike mchana maji yameanza kupanda, na jaketi la kuogelea uombe, wanayo, wakati mwingine yamefungiwa tu chini ya kiti.

Haya, Mombasa. Hapa sina maneno mengi kwasababu jibu langu ni rahisi: matatu.

Ni kilomita 120 hivi, na matatu za Malindi-Mombasa zinatoka tangu alfajiri moja baada ya nyingine. Mabasi yanayotoka Lamu nayo yanapita na yatakubeba, lakini ratiba yao wanaipanga kwa watu wa Lamu, yanafika Malindi muda yanaofika, ukiwa na miadi ya hospitali saa tatu hayakusaidii. Halafu basi linakwenda moja kwa moja hadi ofisini kwao mjini, wakati matatu ukisema "Nyali shukisha" umeshuka, Mtwapa umeshuka, Bombolulu umeshuka. Kliniki ya mamangu iko ng'ambo ya huku kabla ya daraja la Nyali, basi lingempeleka hadi ofisini kwao Abdel Nasser kisha turudi nyuma na tuktuk, kwa faida gani.

Ila ujue unapanda matatu gani. Kuna zile za moja kwa moja na kuna zinazookota kila mwenye mkono juu, Gede, Matsangoni, Kilifi, Vipingo, na konda wote watakuapia kwamba yao ni ya moja kwa moja. Mimi naangalia ndani: ikiwa nusu ya abiria wana mizigo midogo ya sokoni basi hao wanashuka karibu na gari itaokota wengine njia nzima. Ikiwa watu wamekaa na mabegi ya safari na dereva keshafunga mkanda, panda. Ukiona ubao wa sambaza umewekwa kati ya viti, teremka, hata kama una haraka. Sheria zile za waziri Michuki za 2004 zilisema kila abiria kiti chake na mkanda wake na spidi isizidi 80, na barabara hii ina malori, punda, ng'ombe na watoto wa shule, sioni kwa nini mtu akubali kukaa nusu tako hadi Mombasa.

Muda ndo mtihani. Zamani wazee walikuwa wanangoja feri Kilifi, daraja lile limefunguliwa 1991, kwa hivyo sisi tumezaliwa tukaona hii ni njia fupi. Lakini tangu waanze kupanua barabara kati ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi, siku mbaya Mtwapa peke yake inakula saa nzima. Ukiwa na miadi ya saa tatu toka Malindi saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili ushachelewa. Na msimu wa mvua uliza daraja la Mbogolo, Novemba 2023 maji yalilipita hadi barabara ikafungwa.

Watamu sihesabu kama safari, matatu za Watamu zinapitia Gede, ni za kila saa, na ukizikosa tuktuk ipo.

Nairobi ndo inayogawanya watu nyumbani kwetu, manake mdogo wangu anapenda basi la usiku na mamangu hataki kulisikia.

Basi la moja kwa moja linatoka Malindi jioni, linakesha njiani, asubuhi uko mjini. Ni kilomita mia sita hivi kwa kupitia Mombasa, na ipo njia ya Mavueni, Kaloleni, Mariakani inayokukatia foleni yote ya Mtwapa na Nyali, kwa hivyo unapokata tiketi uliza basi linapita wapi, kwangu mimi hilo ni muhimu kuliko chaja ya simu kwenye siti. Faida ya basi ni mzigo. Mdogo wangu akirudi shule ana sanduku, godoro, ndoo, gunia la nazi la shangazi aliyeko Eastleigh, vyote vinaingia kwenye buti mara moja na vinatoka mara moja. Hapandi wala hashuki katikati. Na usiku mmoja wa kulala haupotezi siku ya masomo.

Treni ni hesabu nyingine. SGR, reli mpya ya Mombasa-Nairobi, ilianza kubeba abiria 2017, na nauli ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ilikuwa 1,000, kisha Januari 2024 ikapanda ikawa 1,500, daraja la kwanza 4,500. Ukiongeza matatu ya Malindi-Mombasa na tuktuk ama matatu nyingine ya kukufikisha stesheni ya Miritini, iko karibu na basi au imezidi kidogo. Kwenye reli yenyewe ni masaa matano hadi sita, choo kipo, unatembea, unaona tembo Tsavo kama una bahati. Mamangu kwa magoti yake haendi na kitu kingine, kwasababu kwenye basi la usiku anakaa masaa kumi na zaidi amekunja miguu na vituo ni viwili vitatu vya dakika chache gizani.

Lakini treni haikungoji. Basi likichelewa Mtwapa wote mmechelewa pamoja, ila wewe ukichelewa Mtwapa treni inakwenda na tiketi yako. Tiketi inakatwa mapema kwa jina na nambari ya kitambulisho, kwa simu unapiga *639#, na siku za shule kufungwa na Idi na Krismasi zinaisha haraka sana. Pale stesheni mnapanga mabegi chini kwa laini mbwa wanayanusa, kisha mashine, kisha mashine tena, kwa hivyo uwe umefika saa nzima kabla. Treni ya asubuhi inayotoka saa mbili, ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwengineko, mtu wa Malindi aisahau isipokuwa kama amelala Mombasa. Ya saa tisa mchana ndo yetu. Toka Malindi saa mbili, kwa mbali sana saa tatu asubuhi. Mara moja nilimtoa mamangu saa nne nikijua masaa matano yanatosha, tulifika Miritini mlango unafungwa, alipanda amelowa jasho hata salamu hawezi kujibu.

Na upande wa pili: treni inakuacha Syokimau, nje ya mji, usiku. Kuna treni ndogo ya kuwaingiza mjini, inangojea hizi za Mombasa, ipande, usianze kupatana na teksi nje. Lakini ukishuka mjini katikati saa nne usiku hapo pia uwe na mwenyeji. Basi kinyume chake linakufikisha alfajiri, na likiwahi sana saa kumi hivi kaa ndani ama ofisini kwao hadi kupambazuke, hata kama wenzako wote wanatoka. Mdogo wangu hilo nimemwambia mpaka amechoka na mimi.

Kwa hivyo kwetu imekuwa hivi: mwenye mzigo na miguu mizima basi la usiku, mwenye magoti au mtoto mchanga treni ya saa tisa na alale kwa mtu upande wa Syokimau ama Embakasi, asiingie mjini usiku huo.

Siku za kuepuka njia zote: kabla ya Idi zote mbili, wiki ya Krismasi, na kwa Lamu peke yake Maulidi ya Mfungo Sita pale msikiti wa Riyadha, watu wanatoka hadi Tanzania na Komoro, siti za Malindi zinapotea wiki mbili kabla. Kama ni lazima wakati huo, kata tiketi ya kuanzia Mombasa uilipe nzima, upandie Malindi, utakuwa umelipa zaidi lakini siti ni yako.

Kurudi kutoka Amu ndo wengi hukosea. Mabasi ya kurudi yanatoka Mokowe asubuhi, na wewe uko kisiwani. Tiketi ikate Amu kwenyewe jana yake, hapo hapo mwulize karani ni saa ngapi uwe jeti ya Mokowe, kisha mtafute nahodha usiku ule mkubaliane, manake alfajiri boti za kawaida zinangoja abiria na basi halingoji. Swali alfajiri, shuka ufukweni, vuka. Na safari hii siti iwe upande wa kulia, upande wa dereva, kwasababu kuanzia Minjila hadi Malindi jua liko kushoto.